Gari Lililosogezwa Mita Nane



Naombeni radhi kwa ukimya wa wiki tatu. Niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na kweli nimeiandika nusu, lakini Jumamosi iliyopita ilinivuruga kichwa na nisipoitoa hii kwanza ile haitaisha. Kwa hiyo leo hakuna msimbo. Leo ni habari ya gari. Msiopenda magari nivumilieni kidogo, maana kosa lenyewe ni letu sisi watu wa kompyuta kabisa.

Gari ni Mazda RX-8 ya mwaka 2004, rangi ya fedha, gia 5 za mkono. Si langu, ni la kaka yangu. Alilinunua Mombasa mwaka 2011, wakati gari la mwaka huo lilikuwa bado linapenya kwenye ile sheria ya Kenya ya magari yasiyozidi miaka 8. Akalizungusha Nairobi mpaka alipopata kazi Doha, ndipo akalileta nyumbani Burumba, akaliegesha chini ya mwembe na kunikabidhi funguo. Mwaka huu akaniambia niliuze, pesa ziende kwenye paa la nyumba ya mama. Nikatangaza, akajitokeza ndugu mmoja wa Kisumu, tukaelewana kwa simu laki nne na nusu. Angekuja kuliona Jumamosi saa sita mchana, na kama kila kitu kiko sawa angeondoka nalo.

Ijumaa jioni jirani alikuwa analetewa mawe ya msingi. Dereva wa lori akapiga honi, akaomba nisogeze gari apite. Nikaingia, nikawasha, likawaka palepale, nikarudi nyuma mita nane, nikazima. Sekunde kumi na tano, tuseme ishirini. Nikarudi kwenye kompyuta yangu nikiwa nimeridhika kabisa.

Sasa, ndani ya kijidroo cha dashibodi kuna karatasi ambayo kaka aliiacha. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: UKIIWASHA USIIZIME MPAKA IPATE MOTO. HATA KAMA UNAISOGEZA KIDOGO TU. Karatasi hiyo nilikuwa nimeisoma siku aliyonipa funguo. Nikaiona kama yale maagizo ya kaka mkubwa, usiguse redio yangu, usivae shati langu. Wanaoandika programu wanaijua faili inayoitwa README. Wanajua pia ni wangapi huisoma :-)

Jumamosi saa mbili asubuhi nikatoka kulipasha moto kidogo kabla mgeni hajafika. Nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka vizuri sana, vizuri kupita kawaida. Gari la pistoni likizungushwa na stata hulia kwa kukatakata, nga-nga-nga, kwa sababu kila pistoni inapobana hewa stata inapata kazi. Hili lilikuwa linalia mlio mmoja laini, wiiiii, kama cherehani isiyo na kitambaa. Mimi nikafurahi, nikadhani ni dalili ya afya. Kumbe mlio ule ndio ulikuwa ujumbe wa hitilafu, na ulikuwa wazi kabisa kwa anayejua kuusoma.

Nikajaribu tena. Na tena. Nilijaribu mara tisa, nasema ukweli. Mtu ambaye kazini humkemea kijana anayebonyeza kitufe kilekile mara kumi akitumaini jibu tofauti, ndiye aliyekaa ndani ya gari akifanya hivyohivyo huku akisema “ikishika kidogo tu.” Tena mwenye kubonyeza kitufe mara kumi angalau haharibu kitu. Mimi kila nilipogeuza ufunguo nilikuwa naongeza petroli mahali ambapo tatizo ni petroli.

Ngoja nieleze injini hii, maana bila hivyo mengine hayataeleweka.

Haina pistoni. Haina valvu. Ndani kuna chumba chenye umbo la nambari nane iliyonenepa kiunoni, na ndani ya chumba hicho inazunguka rota, yaani pembetatu yenye mbavu zilizotuna. Pembe zake tatu zinasugua ukuta wa chumba muda wote, kwa hiyo pande tatu za rota zinatengeneza vyumba vidogo vitatu vinavyopanuka na kubana kwa zamu: kimoja kinavuta, kingine kinabana, kingine kinaunguza. RX-8 ina rota mbili, kila moja ya cc 654. Shafti inazunguka mara tatu kila rota inapozunguka mara moja. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel, na gari la kwanza kuuzwa likiwa na injini hiyo ni NSU Spider ya mwaka 1964. Mazda wakanunua leseni, wakatoa Cosmo Sport mwaka 1967. Mwaka 1991 gari lao la rota nne, 787B, lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans. RX-8 yenyewe ilianza 2003 ikakoma 2012, na mwaka 2023 rota ikarudi ndani ya MX-30 R-EV, safari hii kazi yake ikiwa kuzalisha umeme tu.

Mahali pote palipo na shida katika injini hii ni kwenye zile pembe tatu. Kila pembe ina kipande chembamba cha chuma, sili, kinachosukumwa na springi kigusane na ukuta. Kabla ya Cosmo wahandisi wa Mazda chini ya Kenichi Yamamoto walihangaika miaka na mikwaruzo ambayo sili hizo ziliiacha ukutani, wakaiita kucha za shetani. Mwishowe wakaishinda, lakini sili imebaki kuwa sili. Ili ibane hewa inahitaji utando wa oili. Ndiyo maana injini hii hunywa oili kwa makusudi: kuna pampu ndogo inayodondoshea oili kidogo ndani ya vyumba, nayo inaungua pamoja na petroli. Mwenye RX-8 asiyepima oili kila mara atajuta.

Sasa tazama nilichokifanya Ijumaa. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, hivyo kompyuta ya gari huimwaga kwa wingi ili angalau sehemu yake iungue. Ukiacha injini ipate moto, ile ziada inaungua na kwisha. Ukizima baada ya sekunde kumi na tano, ziada inabaki ndani, imelowesha plagi na kuta. Petroli ni sabuni ya oili. Inaosha ule utando, sili zinabaki kavu, mgandamizo unapotea. Asubuhi unapopiga stata hakuna kinachobana, hakuna kinachowaka, na kompyuta ya gari, isiyojua lolote, inaona injini baridi na kumwaga petroli nyingine.

Kwa haki, Mazda waliliona hili. Walitoa matoleo mapya ya programu ya kompyuta ya RX-8, na baadaye wakaweka stata yenye kasi zaidi, maana stata ikizunguka polepole ndipo mafuriko haya hutokea kirahisi. Nilipenda hiyo ya programu. Kama kompyuta ya gari la kaka iliwahi kupewa toleo jipya, hakuna karatasi inayosema.

Turudi Burumba. Saa tatu betri ikaanza kuchoka na mimi nikampigia fundi mmoja wa mjini. Alifika haraka, akafungua boneti, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema tulisukume. Vijana wa bodaboda wakajitolea, sita hivi, kila mmoja akitaka kusema kesho kwamba alisukuma gari la mbio. Tulikuwa tumeshalitoa chini ya mwembe wakati mama anayechoma mahindi langoni petu aliposema bila kuinua kichwa, “Hilo gari linanuka petroli kama jerikeni. Muiteni yule mzee wa injini za maboti.”

Mzee huyo nilikuwa nampita kila siku. Ana kibanda kwenye kona ya kuelekea mpakani, anatengeneza pikipiki. Kazi haikosekani. Wanaoujua mji wetu wanajua kwamba neno bodaboda linasimuliwa kuwa lilizaliwa hapa hapa, kwa wale vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kipande kile cha katikati ya forodha mbili. Nisichokijua ni kwamba kabla ya pikipiki, mzee alitumia nusu ya maisha yake Port Victoria akitengeneza injini za maboti ya wavuvi.

Alikuja kwa miguu na mfuko wa spana begani. Hakufungua boneti. Alizunguka nyuma, akainama kwenye ekzosi, akanusa, akasimama. “Kijana, umeinywesha.”

“Ndiyo, mzee.”

“Mara ngapi?”

“Mara tisa.”

Akanitazama. Halafu akaniuliza maswali mawili ambayo sitayasahau. La kwanza, “Hii ina valvu?” Nikasema haina, ina matundu tu ambayo rota inayafunika na kuyafunua. La pili, “Inakula oili?” Nikasema inakula, tena kwa makusudi. Akacheka mpaka akashika kiuno. “Basi hii ni injini ya boti iliyopotea njia ikaja barabarani.”

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo wiki nzima. Mimi nilikuwa na kitabu cha gari kwenye simu, nilikuwa na video, nilikuwa na karatasi ya kaka. Fundi wa mjini alikuwa na miaka mingi ya magari. Lakini magari yote aliyoyajua yana valvu. Mzee alizoea injini za boti za mipigo miwili, zenye matundu badala ya valvu, zenye kuchanganyiwa oili na petroli, na ambazo hufurika kila siku ziwani mvuvi anapovuta kamba huku choki imefungwa. Kwake ugonjwa huu ulikuwa malaria. Alichokosa ni kujua tu plagi ziko wapi, na hilo nilikuwa nalo mimi.

Kwanza akawafukuza wasukumaji. Petroli isiyoungua ikifika kwenye kile kichujio cha ekzosi, akasema, inaweza kuwakia humo, na sehemu hiyo ikipata moto kupita kiasi ni hasara nyingine. Halafu akamwambia mama mahindi ahamishe jiko. Mama akakataa. Mzee akamweleza kwamba muda si mrefu tutatoa petroli hewani kama dawa ya mbu. Mama akahamia ng’ambo ya barabara, kwa masharti kwamba nitanunua mahindi yote yaliyokuwa jikoni. (Nilinunua. Kumi na moja.)

Plagi za RX-8 hazionekani ukifungua boneti. Ziko chini ubavuni upande wa kushoto, na njia rahisi ni kupiga jeki na kutoa tairi la mbele la kushoto. Ziko nne, mbili kwa kila rota, moja juu na moja chini, na si za aina moja: ya chini ndiyo inayotangulia kupiga cheche, ya juu inafuata. Ukizichanganya umejitafutia safari nyingine. Nikabandika karatasi kwenye kila waya kabla ya kuuchomoa, J1, C1, J2, C2. Hiyo ndiyo kazi pekee ya kiufundi ninayoweza kujivunia siku ile.

Zilitoka zikidondoka petroli. Mzee akazifuta, akaziacha zipigwe jua juu ya bati, kisha akampelekea mama ng’ambo azipashe pembeni mwa jiko. Kwa hiyo wapita njia wa Burumba waliona mama mmoja akigeuza mahindi kwa mkono mmoja na plagi nne za Kijapani kwa mkono mwingine, na kila aliyeuliza bei aliambiwa zimeshanunuliwa.

Betri sasa ilikuwa imekufa. Hapa kwetu msaada wa betri haukosekani, malori ya kwenda Uganda yamejaa, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa mwaka 2018 na foleni kupungua. Dereva mmoja akaja na waya zake tayari. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuzipokea. Mzee akanizuia. Lori hutumia volti 24, betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo, na gari dogo ni 12. Ukiunganisha ovyo unaunguza kompyuta, na hapo hadithi ingeishia. Akaagiza lori lizimwe, akafungua kifuniko cha betri zake, akafuata waya kwa kidole mpaka akapata ile betri ambayo upande wake wa hasi unakwenda kwenye bodi, akachukua umeme wa hiyo moja tu. Alipima kwanza. Volti 12 na kitu.

Ndipo nikatoa mchango wangu wa pili. Kitabu kinasema injini ikifurika, kanyaga pedali ya mafuta mpaka sakafuni kisha upige stata, si zaidi ya sekunde 10. Ukifanya hivyo kompyuta ya gari inaelewa kwamba unataka kukausha, na inafunga sindano za petroli. Ni kama ile ya kushikilia kitufe fulani kompyuta inapowaka ili iingie kwenye hali ya matengenezo. Iko pale siku zote, na nilikuwa nayo kwenye simu asubuhi yote, ukurasa ambao sikuufikia kwa sababu nilikuwa na haraka ya kugeuza ufunguo.

Tukahakikisha waya za plagi ziko mbali na hakuna cheche. Nikakanyaga, nikapiga. Ubavuni ikatoka petroli kwa mivuke, fuu, fuu, fuu, ikalowesha udongo. Tukapumzisha stata, tukarudia. Mara ya nne ikawa inatoka hewa tu.

“Sasa nyamaza,” mzee akasema. “Piga tena, usikilize.”

Injini hii ikizungushwa bila plagi inahema. Kila rota ina pande tatu, kwa hiyo unasikia pumzi tatu kisha zinarudia: pu, pu, pu. Zikiwa sawa, injini nzima. Mzee akaweka kidole gumba kwenye tundu la rota ya nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaweka kwenye rota ya mbele, na uso ukabadilika. Akanishika mkono, akaweka kidole changu mimi. Pu, pu, fss. Pu, pu, fss. Upande mmoja ulikuwa unavuja.

Alinituma duka la dawa nikanunue bomba la sindano. Yule binti wa dukani aliuliza la mtoto au la mtu mzima, nikamwambia la Mazda. Mzee akavuta oili safi ya injini, mililita tano hivi, akaipuliza ndani kupitia tundu la plagi, akanipigisha stata kidogo ili upande mwingine wa rota ufike, akapuliza tena, mpaka pande zote sita zikapata. Tukasikiliza upya. Pu, pu, pu. Zote sawa.

Nikashangilia. Yeye hakushangilia.

“Kijana, hiyo oili ni dawa ya maumivu. Ikiungua, utaona kama ugonjwa upo au ilikuwa petroli tu imeosha.”

Plagi zikarudi zikiwa na joto la mahindi. Mguu sakafuni, stata, sekunde tatu, nne, kikohozi kimoja, nikaachia pedali nusu kama alivyoniambia, na injini ikashika. Moshi! Wasomaji, sijawahi kuona moshi kama ule. Oili yote ile ilitoka nyuma ikiwa wingu jeupe, likafunika mwembe, likavuka barabara, likamfunika mama mahindi na dereva wa lori. Mtu akapiga kelele nyumba inaungua. Nikashikilia mizunguko elfu tatu kwa dakika, na baada ya dakika kama tano wingu likakatika, injini ikawa inavuma kwa ule ulaini wake unaowafanya watu waipende. Saa tano na dakika arobaini.

Mzee akanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga. Nikamlipa alichotaja, kidogo mno, nikaongeza, akakubali. Halafu akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

“Injini ya namna hii ikichoka, ikiwa baridi inawaka kama mpya. Ikiwa moto ndiyo inasumbua, oili imekuwa nyepesi, sili haibani. Anayetaka kuuza kwa ujanja humwita mnunuzi asubuhi, amuwashie mara moja, amzungushe, asizime mpaka pesa zihesabiwe.” Akakusanya spana zake. “Mimi sijasema kitu.”

Dakika ishirini kabla ya mnunuzi. Nikampigia kaka, simu ikaita mpaka ikakata. Anafanya kazi usiku, saa hizo amelala. Nikapiga tena. Nikakaa kwenye ngazi na mahindi yangu kumi na moja.

Naomba mnielewe. Kama gari lingekuwa langu ningejua la kufanya, au ningejidanganya kwamba najua. Lakini hizi zilikuwa pesa za paa la mama, na mwenye gari hakuwepo kusema. Isitoshe sikuwa na uhakika wa lolote. Labda ile pumzi mbovu ilikuwa petroli tu na sasa imepona. Labda ilikuwa hivyo tangu Nairobi. Kipimo sahihi cha rota ni chombo maalumu kinachosoma pande zote tatu, maana kipimo cha kawaida cha mgandamizo hukuonyesha ule upande wenye nguvu tu na kuficha wengine. Busia sijui mwenye nacho. Nilichokuwa nacho ni kidole gumba.

Mnunuzi alifika saa sita na robo, kijana mpole, shati jeupe, amepanda matatu kutoka Kisumu akiwa na begi tupu. Injini ilikuwa bado inanguruma. Akasema, “Umeshaipasha, asante.” Nikamjibu karibu. Akaketi kwenye usukani, akashika gia, na nilimwona usoni tayari ameshalinunua.

Nikamwambia. Sikupanga, ilinitoka vibaya, bila mpangilio, nikianzia na mawe ya jirani. Nikamwambia mita nane, mara tisa, sindano, pumzi tatu, kidole. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema twende Bumala turudi, tuzime dakika kumi, tuwashe.

Tulikwenda. Linakwenda hilo gari, jamani. Barabara ya Kisumu, madirisha wazi, miwa pande zote, hata mimi nilisahau kidogo. Tuliporudi tukazima chini ya mwembe, tukala mahindi. Dakika kumi zikaisha. Akapiga stata. Sekunde moja, mbili, tatu. Nilihesabu mpaka saba ndipo ikashika.

Hakukasirika. Alisema anamjua fundi Nairobi anayefungua injini za rota, kwamba sili zitabadilishwa leo au mwakani, na kwamba bei yake sasa ni laki tatu na themanini. Sikubishana sana. Nilimpa kitabu, funguo ya pili, na ile karatasi nyekundu kutoka kwenye kijidroo. Aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka mfuko wa shati. Alipoondoka hakuzima mpaka alipopotea machoni, na natumaini hakuzima mpaka Kisumu.

Jioni kaka akapiga. Nikamweleza yote, pamoja na elfu sabini zilizopungua, na kwamba nitazitoa mimi kidogo kidogo. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

“Ile karatasi uliisoma?”

“Niliisoma, kaka.”

“Kabla au baada?”